Deni la HELB lilitungwa enzi za kazi ya uhakika

Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo kaa vizuri.

Kila uchaguzi ukianza kunukia, kuna mjadala unaorudi bila kualikwa: vijana wamekopa HELB na hawalipi. Mzungumzaji mmoja atasema wasamehewe faini zote. Wa pili atasema hao ni wakaidi, wanakula raha na pesa za umma, wafuatwe. Halafu sisi huku chini tunagawanyika, tunatukanana hadi usiku wa manane, kesho tunahamia mada nyingine. Sheria ya uzi huu mnaijua: sitaji mwanasiasa wala chama. Leo nataka tufuatilie historia ya deni lenyewe, maana naona pande zote mbili zinaanza hadithi katikati.

Nitamfuata mwalimu. Ningeweza kumfuata mhandisi au muuguzi, lakini mimi ni mtu wa Oyugis, na huku kwetu digrii ikitajwa watu huwaza ualimu kwanza. Halafu mwalimu ndiye anayeonyesha tatizo wazi kuliko wote. Aliyemkopesha ni serikali, na mwajiri aliyemtarajia tangu siku ya kwanza chuoni ni serikali hiyo hiyo. Mkono mmoja unadai, na ule mwingine ndio ungempa mshahara wa kulipia.

Tuanzie 1952. Serikali ya kikoloni iliweka hazina ya mikopo ya elimu ya juu, ikijulikana kwa kifupi kama HELF, ya kuwasaidia Wakenya waliokwenda vyuo vikuu nje ya Afrika Mashariki: Uingereza, Marekani, India na kwingineko. Ilikuwa ya watu wachache sana. Wengine wengi walienda kwa nguvu ya jamii. Wazee wa Nyanza bado wanazungumzia zile ndege za wanafunzi za kwenda Marekani. Ile ya Septemba 1959 ilibeba wanafunzi 81. Wafadhili wa huko walilipia ndege, na huku nyumbani watu wakachanga pesa za matumizi. Hilo neno kuchanga lishike, tutalihitaji baadaye.

Uhuru ukaja, na muda mfupi baadaye hazina ile ikasimamishwa. Nchi mpya ilikuwa na njaa ya wasomi. Ofisi zilizoachwa na Wazungu zilihitaji watu, shule zilihitaji walimu. Kwa hivyo chuo kikuu kikawa bure, kwa sharti moja: ukimaliza, utumikie umma kwa angalau miaka mitatu. Ukitazama vizuri, hilo nalo lilikuwa deni. Tofauti ni kwamba lililipwa kwa kazi, na kazi yenyewe alikupa yule yule anayekudai. Hakuna mtu angeweza kuchelewa kulipa kwa sababu ya kukosa ajira, maana ajira ndiyo ilikuwa malipo. TSC nayo iliundwa mwaka 1967, na tangu hapo mwalimu wa Kenya akawa na mwajiri mmoja mkubwa nchi nzima.

Mpango ule haukudumu. Wanafunzi waliongezeka, gharama zikapanda, na katika mwaka wa masomo wa 1974/75 serikali ikaleta mkopo wa wanafunzi wa vyuo vikuu. Wakenya waliokuwa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam wakapewa pesa za karo na za matumizi, walipe wakishamaliza. Wizara ya elimu ndiyo iliyousimamia.

HELB yenyewe ikisimulia historia yake haifichi kasoro mbili za mkopo ule. Kwanza, hakukuwa na sheria ya kuwadai waliokopa. Pili, wanafunzi na wananchi kwa jumla waliamini ni ruzuku, pesa ya serikali ya kumpongeza mtoto aliyefika mbali. Pale chuoni pesa ile iliitwa boom. Jina lenyewe linakuambia iliingia mfukoni kwa mlio gani. Waliitumia kununua redio na viatu, wengine wakatuma nyumbani kulipia wadogo zao karo.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Alifundisha hisabati hadi akastaafu, na ukimkuta amekaa vizuri atakusimulia alivyomaliza chuo katikati ya miaka ya themanini. Barua ya TSC ya kumpangia shule ilimfikia kabla hajazoea kukaa nyumbani. "Sisi hatukutafuta kazi," huwa ananiambia, "kazi ndiyo iliyotutafuta." Kisha anaongeza kwamba mkopo alikuja kuulipa miaka mingi baadaye, ukikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, na hakuusikia sana. Hapo kwenye kutousikia ndipo nataka tutue.

Kizazi chake hukumbukwa kwenye mijadala kama kizazi kilicholipa, chenye nidhamu, tofauti na sisi. Ukweli ni kwamba mkopo wao ulikuwa na udhamini ambao haukuandikwa kwenye fomu yoyote. Aliyesomea ualimu katika taasisi za serikali aliajiriwa moja kwa moja. Unaweza kumdai mtu kama huyo hata baada ya miaka ishirini, kwa sababu unajua amekaa wapi: kwenye orodha yako ya mishahara.

Miaka ya themanini ikaisha vibaya kwa hazina ya taifa. Wakopeshaji wa kimataifa walikuwa wanataka matumizi ya serikali yapunguzwe, na waraka wa sera wa 1988 kuhusu elimu ukaweka wazi kwamba mzazi na mwanafunzi watachangia gharama. Mwaka 1990 kundi la kwanza la 8-4-4 likaingia vyuo vikuu, na 1991 kuchangia gharama kukaanza kwa nguvu. Mwanafunzi akaanza kununua chakula chake mwenyewe. Kulikuwa na maandamano. Kisha Julai 1995 sheria ikapita bungeni na HELB ikazaliwa.

Kwa haki, sheria ile ilitibu kasoro ya kwanza vizuri kabisa. Sasa kulikuwa na bodi, meno, na wajibu juu ya mwajiri: akimwajiri aliyekopa, lazima amkate na kuwasilisha. HELB ilipewa hata kazi ya kurudi nyuma na kudai mikopo yote iliyoiva tangu ile ya 1974/75. Ndiyo maana watu kama mjomba waliona makato yakitokea wakati walishasahau boom.

Mkopo huu wa HELB kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nafuu sana ukilinganisha na benki yoyote. Unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, halafu malipo yanaanza. Ukikosa kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Masharti haya yanasomeka sawa kabisa kama unafikiria mtu wa 1985, ambaye mwaka ukiisha yuko darasani na chaki mkononi.

Miaka mitatu tu baadaye, 1998, serikali ikasimamisha kuajiri walimu moja kwa moja.

Sijui kwa nini tarehe hii haitajwi kwenye mijadala. Mwaka uliotangulia, walimu walikuwa wamegoma na kushinda nyongeza kubwa mno ya mshahara, kati ya asilimia 150 na 200. Wakati huo huo shinikizo la kupunguza watumishi wa umma lilikuwa limekaza. Ajira mpya zikafungwa, na zilipofunguliwa tena hazikuwa zile za zamani. Kuanzia 2001, nafasi zilitangazwa shule kwa shule mahali mwalimu alipostaafu, kufariki au kuacha kazi, na waombaji wakapangwa foleni. Barua ya kumtafuta mjomba nyumbani ikawa hadithi ya wazee.

Sasa ziweke sheria mbili hizi kando kwa kando. Ile ya 1995 inasema saa ya deni inaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Uamuzi wa 1998 unasema kazi itakuja ikija. Hakuna aliyerudi kurekebisha saa.

Halafu mambo yakawa ya ajabu zaidi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, 2008 ikafuata karo nafuu ya shule za upili za kutwa. Madarasa yakajaa. Kwa hivyo tukawa nchi yenye upungufu wa walimu na walimu wasio na kazi kwa wakati mmoja. Ukitembea kutoka soko la Oyugis ukielekea Kosele au Ringa utapita shule ambazo hazina mwalimu wa fizikia, na utabebwa na bodaboda ambaye amesomea fizikia. Sisemi hivyo kwa utani, mmoja alinibeba Desemba.

Pengo lilizibwa na wazazi. Walimu walioajiriwa na bodi za shule, wale tunaowaita walimu wa BOM, hulipwa kwa kile ambacho shule inaweza kukusanya. Binti wa mama yangu mdogo ni mmoja wao. Amesomea Kiswahili na historia, yuko kwenye shule ya kutwa upande wa Kasipul, analipwa 8,000 kwa mwezi na Agosti na Desemba halipwi kitu. Hiyo ndiyo kuchanga niliyokuambia ulishike. Mwaka 1959 jamii ilichanga ili kijana asome. Sasa inachanga ili aliyesoma afundishe. Watoto anaowafundisha wanaenda mtihani wa taifa, matokeo yanahesabiwa, lakini yeye hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Ebu tupige hesabu ya mwalimu wa kubuni, asiwe binamu yangu. Tuseme alikopa 45,000 kwa mwaka kwa miaka minne. Jumla ni 180,000. Ukigawanya kwa miaka sita, ni 2,500 kwa mwezi kabla ya riba. Kwa mtu mwenye mshahara wa TSC hilo ni deni la kawaida, anaweza kulilipa na bado aweke pesa kwenye chama. Sasa mfanye mwalimu wa BOM wa 8,000. Alipe nyumba Oyugis, ale, apande matatu, halafu atoe 2,500? Akishindwa, faini ni 5,000, yaani mara mbili ya kile alichoshindwa kulipa. Kwa mwaka ni 60,000. Kabla hata miaka mitatu haijaisha, faini na riba zimelifikia lile deni lenyewe la 180,000. Na miaka mitatu ya kungoja TSC si mingi. Kuna watu wa foleni ya miaka kumi.

Hapa ndipo mahakama iliingia. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini za HELB zikijumlishwa hazifai kuzidi mkopo wenyewe uliokopwa. Ule uamuzi ulistahili kelele zaidi. Lakini uangalie vizuri: unaweka dari juu ya deni, hauguzi saa. Mwalimu wa hesabu yetu bado anaweza kufika 360,000 kabla hajapata hati yake ya kwanza ya mshahara.

Na kuna fundo lingine. Tangu katiba ya 2010, anayeomba kazi ya umma huombwa vyeti vya kuonyesha ni mtu safi: cha polisi, cha kodi, cha taarifa za mikopo, na cha HELB. Kwa hivyo unatafuta kazi ili ulipe deni, na kazi nayo inataka uthibitisho kwamba uko sawa na deni. Anayetunga masharti namna hii hawazii mtu wa kawaida, anawaza mtu ambaye tayari ana mshahara.

Tukija kwenye miaka ya karibuni, kuna mpango wa walimu wanagenzi. Ulianza Januari 2020, mwalimu wa sekondari akipewa posho ya 15,000 na wa msingi 10,000, kisha zikapandishwa hadi 20,000 na 15,000. Sekondari ya chini ilipoanza 2023, mpango ukawa mkubwa ghafla. Walimu zaidi ya 46,000 walikuwa wanafundisha kama wanagenzi. Darasa ni lile lile, vipindi ni vile vile, pengine zaidi. Kutoka kwenye 20,000 toa makato ya lazima, unabaki na kama 18,000 au chini.

Aprili 2024 mahakama ya ajira ikaamua kwamba kuwaajiri hao walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Mei wakagoma. Serikali ikatenga shilingi bilioni 18.7, na Januari 2025 wale 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Kelele nyingi za ushindi zilipigwa, na walistahili. Kisha mwaka huo huo wanagenzi wapya 20,000 wakachukuliwa. Si mara ya kwanza: mnamo 2010 walimu elfu kumi na nane na ushei walichukuliwa kwa mkataba, na ilibidi mgomo wa 2011 ndipo wakapewa ajira ya kudumu. Mtindo ni mmoja, na ndani yake saa ya HELB haijawahi kusimama.

Najua mtakachoniambia kwenye majibu, wacha nikijibu mapema. Mtasema pesa zile ni za mzunguko: anacholipa wa jana ndicho anachokopeshwa wa leo, na asiyelipa anamnyima mtoto wa jirani. Ni kweli kabisa. Mimi niko chuoni kwa mkopo huo huo, na muhula pesa zinapochelewa tunajua njaa yake. Wako pia watu wenye mishahara minono wanaolikwepa deni kwa makusudi, na hao sina la kuwatetea. Ndiyo maana ile hoja ya "futa zote" hainishawishi. Ukifuta deni la mwalimu wa BOM na la meneja wa benki kwa kalamu moja, umemzawadia meneja. HELB pia imewahi kutangaza msamaha wa faini, mara nyingi kwa anayelipa kwa mkupuo. Fikiria ni nani ana mkupuo. Si mtu wa 8,000.

Kinachonishangaza ni kwamba kuna njia zingine na haziko mbali. Uingereza, tangu 1998, aliyekopa haanzi kulipa kwa sababu mwaka umeisha. Anaanza mapato yake yakipita kiwango fulani, na analipa asilimia ya kile kinachozidi. Akikosa kazi, malipo yanasimama yenyewe bila kumwandikia mtu barua. Wana matatizo yao, deni lao ni kubwa kuliko letu kwa mbali, lakini saa yao inafuata mshahara.

Au tuvuke tu hapa Isebania tuingie Sirari. Bodi ya mikopo ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya 2004 na ikaanza kazi 2005, miaka kumi baada ya yetu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hilo ni pigo, walimu wa huko wanalalamika kila mwisho wa mwezi. Lakini mwaka 2021 walifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Dunia haikuisha. Bodi yao bado inakopesha.

Kwetu, marekebisho makubwa ya karibuni yaligusa upande wa kukopa. Mfumo mpya wa 2023 uliwapanga wanafunzi kwa madaraja ya uhitaji, kila mmoja na mchanganyiko wake wa ufadhili, mkopo na mchango wa nyumbani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba, na vita vikahamia rufaa. Tumebishana miaka miwili nani yuko daraja gani. Upande wa kulipa umebaki mwaka mmoja na 5,000, kama ulivyoandikwa kabla mimi sijazaliwa.

Mikutano ya 2027 itafika Oyugis, hilo halina shaka, pale uwanjani watatuahidi kufuta na kufuatilia kwa pumzi moja. Ukipata maikrofoni, usiulize kama watasamehe faini, maana jibu la hilo ni rahisi na halina gharama siku ile. Uliza kifungu cha mwaka mmoja kitaondolewa lini, na kitawekwa kiwango gani cha mshahara mahali pake. Na kwa mwalimu aliyesajiliwa na TSC, mwenye namba, aliye kwenye foleni ya TSC, anayefundisha kwa pesa za wazazi: faini yake ya kila mwezi anamlipia nani kosa?